Jamu ya Shosho Si Mambo ya Wazungu

Kila Desemba plamu zikianza kuiva kwetu Limuru, familia yetu hupika jamu. Na kila mwaka nikiwaambia watu, hakosi mmoja wa kucheka: "Kwani nyinyi ni wazungu?"

Anayeuliza hivyo kwa kawaida ameshika kikombe cha chai mkononi. Basi mimi humuuliza, hiyo chai yako ilitoka wapi? Majani chai ya kwanza nchini Kenya yalipandwa na mlowezi, hapo hapo Limuru, mwaka wa 1903. Chapati unazosukuma Krismasi zilivuka bahari kutoka India. Hata ugali, ule tunaoapa kwamba bila huo mtu hajala, unatokana na mahindi, na mahindi asili yake ni Amerika. Hakuna anayeitwa Mhindi kwa kula chapati, wala Mmeksiko kwa kula ugali. Lakini mwanamke wa kijijini akichemsha matunda yake mwenyewe na sukari, ghafla anaambiwa anaiga.

Mimi nasema hapana. Jamu haijawahi kuwa mali ya taifa moja. Ilikuwa ya mtu yeyote aliyekuwa na matunda mengi na akabahatika kupata sukari, na ukifuata historia yake utajikuta unafuata historia ya sukari yenyewe. Hapa kwetu walioshika mwiko na kuifanya yetu ni akina shosho. Hao ndio tunaowasahau tunapocheka.

Ilianzia mbali na Uingereza

Shida ambayo jamu inatatua ni ya zamani kuliko nchi yoyote. Matunda huiva yote kwa pamoja, wiki tatu hivi, halafu yanaoza. Kila jamii imetafuta njia yake. Pwani wanatia embe bichi kwenye achari, wengine wanakausha juani. Warumi wa kale walizamisha matunda kwenye asali.

Asali lakini haitoshi kuhifadhi kila kitu, na bei yake haijawahi kuwa rafiki. Mchezo ulibadilika sukari ilipoingia. Miwa ilitoka visiwa vya Pasifiki upande wa New Guinea, na Wahindi ndio waliojua kuigeuza maji yake kuwa punje. Kutoka India ujuzi ukaenda Uajemi, Waarabu wakaueneza hadi Misri na Hispania. Hata neno letu "sukari" limesafiri njia hiyo: limetoka Kiarabu, nacho kina mizizi yake katika Kisanskriti. Vyakula vya matunda yaliyopikwa kwa sukari vilikuwa vya kawaida katika nyumba za matajiri wa Baghdad na Cairo wakati Mwingereza bado anaiuliza sukari ni kitu gani.

Huko Ulaya kwa muda mrefu sukari iliuzwa na wauza dawa, na jamu ilikuwa karibu kuwa dawa yenyewe. Nostradamus, yule Mfaransa anayejulikana kwa utabiri, alitoa kitabu mwaka wa 1555 chenye maelekezo ya kupika jamu. Mtu mkubwa kabisa, na hakuona haya kuandika habari za sufuria.

Mapera na Wareno

Kuna kipande kimoja cha historia hii ambacho kinatugusa moja kwa moja, na nakipenda sana.

Wareno wana tunda liitwalo marmelo, gumu na chachu, ambalo huliwezi bila kulipika. Walilipika na sukari mpaka likawa kipande kizito unachokata kwa kisu, wakakiita marmelada. Ndiko Waingereza walikopata neno lao la jamu ya machungwa. Wareno walipofika Brazili hawakupata marmelo, ila walikuta tunda jingine, goiaba. Wakalipika vile vile. Mpaka leo goiabada ni chakula cha nyumbani Brazili, na hakuna Mbrazili anayeambiwa anajifanya Mreno.

Unajua goiaba ni nini? Ni mapera. Yale yale uliyopanda mtini kuyachuma ukararua kaptula. Mpera asili yake ni Amerika, na hata jina tulilolipa ni la Kireno: pera kwao ni lile tunda tunaloita pea. Limekaa katika Kiswahili chetu pamoja na meza, leso na bendera.

Kwa hiyo tunda lilifika, na jina likafika. Jamu ndiyo haikufika. Kwa nini? Kwa sababu ilihitaji sukari nyingi, na sukari ilikuwa na wenyewe.

Sukari yenye damu

Hapa lazima tuseme ukweli, kwa sababu mtu anaweza kuandika habari za jamu zikawa tamu tupu.

Sukari iliyojaza Ulaya katika karne ya 17 na 18 ililimwa na Waafrika waliokamatwa na kusafirishwa hadi visiwa vya Karibi na Brazili. Kazi ya miwa ilikuwa ya kuua: kukata usiku na mchana wakati wa mavuno, mashine za kukamua zinazomeza mikono, mitungi ya maji ya moto.

Na usidhani hayo yalikuwa ya mbali tu. Katika karne ya 19 kulikuwa na mashamba ya miwa kando ya Mto Pangani, kwenye pwani hii hii yetu ya Afrika Mashariki, na waliolima walikuwa watumwa. Abushiri bin Salim, yule aliyeongoza vita dhidi ya Wajerumani mwaka wa 1888 na kunyongwa mwaka uliofuata, alikuwa mwenye shamba la miwa huko Pangani. Tunamsoma kama shujaa wa kupinga ukoloni, na kweli alipigana. Lakini sukari yake ilikatwa na watu ambao hawakuwa huru.

Nasema haya ili tuelewe kitu kimoja. Kwa mamia ya miaka, watu weusi ndio waliotengeneza utamu wa jamu, na hawakuionja. Ukimwambia mjukuu wao leo kwamba jamu si ya kwake, fikiria vizuri unachosema.

Mkate na jamu, chakula cha maskini

Jambo jingine linalotupotosha ni kudhani jamu ni chakula cha kifahari, cha watu wa hoteli. Historia inasema kinyume.

Mwaka wa 1874 serikali ya Uingereza iliondoa ushuru wa sukari. Bei ikaanguka, na viwanda vya jamu vikachipuka. Waliokula hiyo jamu walikuwa wafanyakazi wa viwandani na watoto wao. Mama aliyetoka kazini amechoka, hana kuni wala wakati wa kupika, alikata mkate, akapaka jamu, watoto wakalala. Msomi Sidney Mintz aliandika kitabu maarufu mwaka wa 1985 akionyesha jinsi sukari ilivyogeuka kutoka kitu cha wafalme na kuwa chakula cha maskini wa Uingereza.

Halafu vita vikaja. Mwaka wa 1940 sukari ilianza kugawiwa kwa kipimo nchini humo, na matunda yalikuwa yanaoza mashambani. Serikali ikawapa vikundi vya akina mama vijijini sukari ya kupikia jamu. Kati ya 1940 na 1945 walihifadhi zaidi ya tani 5,000 za matunda. Hao hawakuwa mabibi wa majumba makubwa. Ni wanawake wa kawaida kwenye kumbi za vijiji, na masufuria ya kuazima. Ukiniuliza, picha hiyo inafanana na chama cha akina mama cha kwetu kuliko inavyofanana na hoteli yoyote.

Ilivyoingia kwetu

Reli ilipofika Ziwa Victoria mwaka wa 1901, walowezi wakaanza kuja, na ardhi ya nyanda za juu ikachukuliwa. Juu ya ardhi hiyo wakapanda matunda ya kwao: plamu, mapichi, mapea, matufaha. Baridi ya Limuru na Molo iliyapenda. Kule Machakos, milima ya Mua ikawa na mashamba ya matunda, na baadaye jina Mua likabandikwa kwenye chupa za jamu.

Sukari nayo ikaja karibu. Miaka ya 1920 viwanda vya Miwani, karibu na Kisumu, na Ramisi, kule Pwani, vilianza kukamua miwa hapa hapa nchini.

Na jikoni kwa mlowezi nani alikuwa anakoroga? Si bibi mwenye nyumba. Ni mpishi, na mpishi alikuwa Mwafrika, mara nyingi mwanamume. Alisimama juu ya jiko la kuni saa nzima akiangalia povu, akajaza chupa, akazipanga kwenye rafu, kisha akaenda kulala kwenye kibanda nyuma ya nyumba. Ujuzi ulikuwa mikononi mwake. Chupa ndizo hazikuwa zake.

Halafu ikaja 1952. Mwaka huo Hali ya Hatari ilitangazwa, na mwaka huo huo Maendeleo ya Wanawake ikaanzishwa chini ya idara ya serikali ya kikoloni. Vikundi vyake vilifundisha usafi, kushona, kufuma, kupika, malezi ya watoto, mambo yaliyofanana sana na ya vile vikundi vya Uingereza. Lengo la serikali halikuwa usafi peke yake. Walitaka wanawake wakae mbali na Mau Mau. Watu walikuwa wamehamishwa kwa nguvu kuwekwa kwenye vijiji vyenye handaki na ulinzi, wanaume wengi wako kizuizini, na mwanamke akienda kwenye darasa la serikali, jirani alimtazama kwa jicho fulani.

Shosho yangu, mama yake baba, alikuwa msichana wakati huo. Aliolewa miaka ya 50 ikielekea mwisho, na ni katika darasa kama hilo alikojifunza jamu, kutoka kwa mama mmoja ambaye mumewe alikuwa amewahi kuwa mpishi kwa mzungu. Nimepewa jina lake, kama desturi ya Wakikuyu ilivyo, kwa hiyo hunijibu maswali ambayo wengine hawajibu. Nilimuuliza kama hakuona vibaya kufundishwa kupika na watu waliochoma nyumba za kwao.

"Walichukua shamba," akasema. "Sasa wakitupa kijiko ningekataa ili nibaki na nini?"

Halafu akaongeza, bila hata kunitazama: "Na plamu zilikuwa zimepandwa kwenye shamba letu. Zilikuwa zetu."

Sijapata jibu bora kuliko hilo kwa swali la jamu ni ya nani.

Shosho na kipimajoto

Sasa nikueleze kwa nini nasema akina shosho waliifanya yao, si kuiga tu.

Fungua kitabu chochote cha mapishi kilichoandikwa Uingereza. Kitakuambia jamu imeiva ikifika nyuzi 105 za Selsiasi. Huko ni sawa, kwa sababu nchi yao kwa sehemu kubwa iko karibu na usawa wa bahari na maji huchemka kwa nyuzi 100. Lakini Limuru iko zaidi ya mita 2,200 juu. Maji yetu huchemka kwa karibu nyuzi 93 tu. Jamu huiva nyuzi nne au tano hivi juu ya pale maji yanapochemka, maana yake kwetu imeiva ikikaribia 97 au 98. Ukingoja 105 kama kitabu kinavyosema, utapata kitu kigumu kama peremende, kijiko kimesimama wima katikati.

Shosho hana kipimajoto, na hajawahi kusoma hicho kitabu. Njia yake ni hii. Anachukua sahani ya bati, anaiweka juu ya beseni la maji baridi ya tangi. Jamu ikianza kuwa nzito anadondosha tone moja kwenye sahani, anangoja kidogo, anasukuma kwa kidole. Ngozi ya juu ikikunjamana, anatoa sufuria motoni. Ikitiririka, anaacha dakika tano zaidi. Sahani haijui uko Mombasa au Limuru. Inakwambia ukweli popote ulipo.

Kipimo chake ni kilo moja ya plamu zilizotolewa mbegu na sukari robo tatu kilo, na maji nusu kikombe ili zisiungue mwanzoni. Plamu huchemka kwanza peke yake mpaka zilainike, ndipo sukari inaingia. Ukitia sukari mapema, maganda yanabaki magumu. Huchanganya zilizoiva na chache ambazo bado zina ukali, na hapa pana sayansi nzuri: tunda ambalo halijaiva sana lina pektini nyingi na asidi zaidi, na hizo mbili zikikutana na sukari ndizo zinazofanya jamu igande. Mwanakemia Mfaransa, Henri Braconnot, ndiye aliyeipa pektini jina lake mwaka wa 1825. Shosho huiita "ile nguvu ya tunda bichi". Wanaongelea kitu kimoja.

Shangazi anayeishi Murang'a akileta gunia la mapera, jamu huwa ya mapera. Haya yana pektini tele, yanaganda upesi, ila lazima uyachuje kwa sababu ya zile mbegu. Matunda damu nayo yamewahi kuingia sufuriani, na ndimu hukamuliwa pale tunda linapokuwa tamu kupita kiasi. Hakuna mlowezi aliyefundisha jamu ya mapera na matunda damu katika kile kijiji. Hiyo waliitunga wenyewe.

Chupa ni za kila aina, zimeoshwa, zimechemshwa, zikajazwa moto moto na kufunikwa papo hapo. Sukari inafanya kazi iliyobaki. Ikifika kama asilimia 60 na kitu ya uzito wote, inayashika maji mpaka viini vya kuozesha havina pa kuishi. Ndiyo maana chupa ya Januari bado inaliwa Agosti, bila friji.

Ilitusaidia nini

Usidhani hii ilikuwa burudani. Kulikuwa na miaka sukari ilipotea madukani, na shosho alikuwa akiweka kando vikombe viwili viwili tangu Oktoba ili Desemba apike. Baba na ndugu zake walienda bweni na chupa kwenye sanduku, na mkate mkavu wa shule ukamezeka. Chupa nyingine ziliuzwa barabarani pamoja na ndoo za plamu, na baba husema karo yake ya muhula mmoja ililipwa na jamu tupu.

Na jikoni ndiko mambo yalikosemwa. Kukoroga jamu ni karibu saa moja, huwezi kuondoka, huwezi kushika simu kwa sababu mikono inanata. Nilijua habari za handaki la kijiji, za babu kukaa kizuizini, za nani alihama na nani hakurudi, nikiwa nimeshika mwiko. Sikuzisoma katika kitabu cha shule.

Tunachopoteza

Mtaala wa 8-4-4 ulipoanza mwaka wa 1985 ulikuwa na somo la sayansikimu katika shule ya msingi. Watoto walishona, walipika, walibeba jiko shuleni. Baadaye somo likapunguzwa na kuondolewa kwenye mtihani, na wazazi wengi wakashangilia kwa sababu lilikuwa na gharama. Leo tunao vijana wanaolipia mafunzo mtandaoni kujifunza kuhifadhi chakula, na shosho zao wako kijijini hawajaulizwa.

Mashamba nayo yanakatwa kuwa ploti. Mti wa plamu hauna kesi mbele ya nyumba ya kupangisha. Ukipita barabara ya Nakuru msimu wa plamu utaona ndoo kwa ndoo pale Kinale, bei imeanguka kwa sababu zote zimeiva wiki moja, na jioni zilizopondeka zinamwagwa. Nusu kilomita kutoka hapo, kwenye duka, chupa ya jamu inauzwa kwa bei ya ndoo nzima au zaidi. Kati ya ile ndoo na ile chupa kuna sukari, moto, saa moja, na ujuzi. Sukari na moto vinanunuliwa. Saa moja tunayo, tunaimaliza kwenye simu. Ujuzi ndio unaozeeka.

Sisemi kila mtu aanze biashara ya jamu. Ukitaka kuuza madukani kuna viwango vya kufuata na alama ya ubora ya kutafuta, na hiyo ni makala nyingine. Ninachosema ni kwamba tuache kuona haya kwa kitu ambacho bibi zetu walikilipia bei kubwa. Walipewa mapishi ya watu waliowatawala, wakayapika kwa matunda yao, kwa kimo cha milima yao, kwa sahani ya bati. Kama huo si utamaduni, basi hata chai yako si yako.

Shosho sasa mkono wake wa kulia hutetemeka, kwa hiyo mimi ndiye ninayekoroga, yeye anasukuma tone kwa kidole na kutoa hukumu. Mwaka huu nimeandika kila kitu kwenye daftari, mpaka na muda ambao sahani inakaa kwenye beseni. Alinicheka akasema kidole hakiandikwi. Huenda ana haki, lakini daftari litabaki.

Kama wako bado yuko, mpigie simu leo. Usimuulize kama anajua kupika jamu, muulize matunda yakizidi kwao walikuwa wanafanya nini. Halafu nyamaza, umsikilize.